Kidole Begani

Wateja walimwita Binti Sikio, na jina lile halikuwa lake hata kidogo. Sikio alikuwa baba yake. Mzee Sikio, fundi wa pampu za dizeli, mtu ambaye malori makuukuu yalitoka mbali kumfuata, yakizipita gereji nyingine zote njiani zenye mabango mapya na mafundi wenye maneno mengi. Yeye hakuwa na bango. Alikuwa na uwanja wa mchanga uliokunywa mafuta mpaka ukawa mweusi na mgumu, banda la mabati, benchi la mbao lenye jiriwa ya kubania vyuma, na fimbo ya chuma yenye urefu wa mkono. Ncha moja ya fimbo aliiweka kwenye injini inayonguruma, ya pili akaiweka kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio lake, akafumba macho, na uwanja mzima ukanyamaza. Madereva walizima redio. Waliokuwa wanatafuna waliacha kutafuna. Kisha mzee akamwambia kibarua aliyeishika pampu, "Rudisha kidogo. Kidogo tena. Hapo. Funga."

Nyuma yake, siku zote, alisimama binti yake, mkono wa kulia begani kwa baba. Anamshika mzee asije akayumba, watu walisema. Mtoto mwenye adabu huyo. Waliokuwa na mabinti wasiokaa nyumbani walimtolea mfano.

Wote walikuwa wamedanganywa, tena walidanganywa vizuri. Mzee Sikio alikuwa kiziwi.

Malori ya zamani hayana kompyuta ya kuyafikiria. Pampu imefungwa ubavuni mwa injini kwa nati tatu, nayo hupima mafuta na kuyatuma kwa kila silinda kwa zamu. Mafuta yakiwahi, injini inagonga, mlio mkavu wa kokoto ndani ya kopo, na pistoni zinapata moto hadi zinatoboka. Yakichelewa, lori linatoa moshi mweupe na kupanda mlima kwa kulialia. Ukilegeza zile nati unaweza kuizungusha pampu kwenda mbele au kurudi nyuma, upana wa ukucha tu, na ndani ya ukucha huo ndimo ulimo ufundi wote. Vipimo vipo. Lakini pampu ikishazeeka, vipimo vinasema lake na injini inasema lake, na hapo ndipo linapotakiwa sikio la mtu.

Halafu kulikuwa na sili, muhuri wa fundi. Kila dereva anayepanda milima na mzigo hutamani kuichezea skrubu ya mafuta apate nguvu zaidi, na akiachiwa ataichezea, kisha tajiri mwenye lori atanunua dizeli bila kikomo na mwisho wa yote atanunua injini. Kwa hiyo Mzee Sikio akimaliza kazi alipitisha waya mwembamba kwenye ile skrubu na kwenye nati za pampu, akaziunganisha ncha za waya kwa kipande cha risasi laini, akakibana kwa koleo lake. Ndani ya meno ya koleo mlichongwa alama: sikio dogo. Risasi ikishabanwa ilibaki na sikio juu yake, na hakuna aliyeweza kuigusa pampu bila kuukata waya. Tajiri alichungulia chini ya boneti, akaliona sikio, akaridhika. Dereva aliyerudi bila sikio hakuulizwa swali. Alirudisha funguo akaenda kwao.

Binti aliingia kazini bila kuamua. Mama yao alifariki mapema, na nyumba ilikuwa nyuma ya banda, ukuta mmoja, kwa hiyo kati ya kupika na kufua alijikuta anaosha nozeli za mafuta kwenye beseni la dizeli. Alizijua injini kwa milio yake kabla hajajua kusoma. Hakufundishwa na mtu. Baba yake hakuwa mtu wa kufundisha, alikuwa mtu wa kusema "lete" na "shika".

Siku moja, akiwa mwanamke mzima tayari, alimwona baba yake akiweka fimbo kwenye lori la maji, akafumba macho, akasema, "Funga." Silinda moja ilikuwa imekufa kabisa. Injini ilikuwa inachechemea, hata paka aliyelala chini ya benchi alijua. Binti alidhani mzee anatania. Alimwangalia usoni, na hapakuwa na utani pale. Bahati nzuri mwenye lori alikuwa amekwenda nyuma ya ukuta kujisaidia, na haja yake ile ndogo ndiyo iliyoliokoa jina la ukoo mzima. Binti alimgusa baba yake begani, akatikisa kichwa. Mzee akafumbua macho, akaiangalia injini, akamwangalia mwanawe, na kwa mara ya kwanza tangu azike mke wake akaonekana ameogopa.

Lori lilipokwisha kuondoka waliingia stoo.

"Tangu lini, Baba?" aliuliza akiwa anapanga spana.

Hakujibiwa. Alipogeuka alimkuta mzee anaikodolea macho midomo yake.

"Sema polepole," mzee alisema. "Na usinipe kisogo ukisema."

Injini zilikuwa zimemla masikio. Alizisikiliza maisha yake yote, na mwisho zikamlipa kwa kumfungia mlango. Lakini sifa zake zilikuwa bado zinatembea barabarani na malori, na nyumba ilikuwa inakula kwa sifa hizo. Wakapanga njia yao palepale stoo, baba na binti. Kidole kikigonga bega mara moja, pampu iende mbele. Kikigonga mara mbili, irudi nyuma. Kiganja kikifinya bega, hapohapo, funga. Mzee atashika fimbo na kusema maneno. Binti atasikia.

Na mambo yakaenda. Wallahi yalienda kuliko mwanzo. Maana binti alikuwa na sikio kali kuliko baba yake hata enzi zake, na pampu zilizotoka pale zilipanda milima bila kukohoa, zikarudi na sili zake, na madereva wakasema mzee anazidi kuiva kwa uzee. Kiziwi akavishwa kilemba cha ukoka na uwanja mzima, naye akakikubali, akakizoea, akaanza kutembea kwa mwendo wa mtu mwenye kilemba.

Kuhusu watu, hakuwajibu. Ukimsalimia kutoka pembeni alikupita. Ukimwita kwa mbali alikuacha uite. Simu zote alipokea binti. Wateja hawakuudhika, walifurahi, wakatunga hadithi: masikio ya mzee hayana muda na upuuzi wa binadamu, lakini lori likikohoa kule barabara kuu analisikia. Yaani mtu alikuwa hasikii, na kutosikia kwake kukaongezwa kwenye sifa.

Katika miaka ile palitokea mwashi. Alikuwa anajenga ukuta wa mawe kwenye kona ya barabara, chini kidogo ya gereji, na alikuja kuomba maji ya kunywa mara nyingi kuliko kiu ya mtu mmoja. Alikuwa na mikono mipana na maneno machache, na binti alimpenda. Siku moja mwashi alikuja na mjomba wake, wamevaa mashati ya kupigwa pasi. Mzee Sikio aliwakaribisha vizuri, akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kila sentensi ambayo hakuisikia, akasema atafikiri.

Wageni walipotoka, alimwita binti stoo.

"Ukiolewa," alisema, "mimi nitasikia na nini?"

Hakukataza. Angekataza, binti angeweza kukasirika, na pengine kukasirika kungemtoa mlangoni. Aliuliza tu, tena kwa sauti ya chini, naye hakuwa na desturi ya sauti ya chini. Halafu akaongeza, "Benchi hili ni lako. Koleo ni lako. Siku nikichoka utasimama hapa mbele, si nyuma. Mungu ananisikia, hata kama mimi sijisikii."

Mwashi alisubiri, akachoka, akaoa kwingine. Alikuwa na haki yake. Ukuta wake bado upo pale konani, umenyooka, na kwa miaka yote iliyofuata Binti Sikio aliupita akienda sokoni bila kuugeuzia macho.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, aliyeitwa Bosi tangu anatambaa, na nadhani jina ndilo lililomharibu. Alikulia katika uwanja uleule lakini hakuupenda. Uchafu wake ulimkera. Alikwenda mji mwingine kuuza vipuri vilivyotumika. Huko biashara ikaenda mrama, na akarudi nyumbani na sanduku la magurudumu, miwani ya jua, na ovaroli mpya ya bluu iliyokuwa bado na mikunjo ya dukani. Kipawa alikuwa nacho kimoja: kuongea. Baada ya juma moja madereva walikuwa wanamwita kwa mbali na kucheka kabla hajasema kitu.

"Bosi asijue," mzee alimwambia binti, akigusa sikio lake.

"Ni mwanao."

"Ndiyo maana asijue."

Basi Bosi hakujua. Kwamba mzee alikuwa mgumu wa kusikia watu, hilo alilijua kila mtu. Kuhusu injini hakuna aliyekuwa na shaka, na Bosi alikuwa wa mwisho kuwa na shaka, kwa sababu alikuwa anaringa kwa sifa hizo huko alikotoka.

Wakiwa mezani mchana mmoja, mzee alisukuma sahani yake, akasema, "Jumamosi namkabidhi Bosi benchi na koleo. Waite wateja. Na soda zinunuliwe."

Bosi alisimama akambusu baba yake mkono, akatoka nje kupiga simu. Binti alibaki amekaa. Alikuwa ameshika bakuli la mchuzi, na aliliweka chini taratibu sana, kwa sababu mikono yake ilitaka kulitupa.

"Uliniambia ni langu," alisema.

Hasira yenyewe ilibidi aiseme polepole, midomo wazi, neno moja baada ya jingine, kama anayemfundisha mtoto kusoma. Hata kumgombeza mtu yule kulihitaji subira.

"Nilisema," mzee alijibu.

"Bosi hawezi kutofautisha injini na mashine ya kusaga."

"Atajifunza. Utasimama nyuma yake kama ulivyosimama nyuma yangu."

"Kwa nini nisisimame mbele?"

Mzee alipangusa mdomo. "Madereva hawatamkubali mwanamke."

"Wamenikubali miaka yote. Hawajui tu."

"Basi nikisema leo ni wewe, watauliza tangu lini. Nitajibu nini? Watatembea na malori yao wakijua kwamba mimi nilikuwa nasimama pale na chuma kichwani nikiwachezea ngonjera? Lile sikio lililo kwenye magari yao watasema ni la nani?"

"Ni langu."

Neno lile mzee alilisoma sawasawa. Akageuza uso akaangalia dirisha. Na kiziwi akigeuza uso, mazungumzo yamekwisha.

Tuseme wazi: alimchukia. Alikusanya sahani akazipeleka karoni, akaziosha, na katika kila sahani alimchukia baba yake upya. Alifikiri juu ya mwashi. Alifikiri juu ya mabega yale mawili aliyoyashika mpaka akajua mifupa yake kuliko mifupa ya mwili wake mwenyewe. Angenyang'anywa na adui angelia akapona. Huyu alikuwa amemnyang'anya kitu alichokuwa amempa kwa mdomo wake, kisha akamwomba akishike kwa niaba ya mwingine.

Jumamosi uwanja ulijaa. Walikuja matajiri watatu wanne, madereva wengi, na wale watu ambao hutokea popote penye soda za bure. Ili Bosi aonekane kazini, walichagua lori moja lifanyiwe kazi mbele ya watu, na likawa lori la Mwendapole, kwa sababu ndilo lililokuwa kuukuu kuliko yote. Mwendapole alikuwa dereva wa saruji, mtu mzima mwenye mvi, aliyeitwa hivyo kwa sababu maishani mwake hakuwahi kulipita gari lingine. Alikuwa mteja wa zamani. Ndiye pekee aliyekuwa na tabia ya kumwambia binti asante baada ya kumshukuru mzee, na watu waliichukua kuwa adabu.

Mwendapole alikaa kwenye kiti chake akawasha injini. Bosi akavua miwani, akalegeza nati, akaishika pampu kwa mikono miwili. Mzee Sikio akaweka fimbo yake, akafumba macho. Binti akaja nyuma, akaweka mkono begani. Uwanja ukanyamaza.

Bosi aliisogeza pampu mbele. Aliisogeza kwa nguvu, kama anayefungua kopo la rangi. Injini ikabadilika mara moja, ikawa kavu, ikaanza kugonga. Bosi akaikaza pia skrubu ya mafuta kidogo, kwa kuwa aliwaahidi madereva nguvu, na moshi mweusi ukajibu kutoka nyuma.

Binti alisikia kokoto zile kwenye meno yake. Kidole chake kilikuwa juu ya bega. Mara mbili, irudi nyuma, mara mbili tena, halafu finya. Kazi ya kufumba na kufumbua. Mzee angesema, Bosi angetii, injini ingetulia, na watu wangepiga makofi kwa fundi mpya. Chini ya kiganja chake bega la baba lilikuwa limetulia, linangoja. Halikuwa na wasiwasi wowote. Lilikuwa halijawahi kungoja bure.

Akauondoa mkono wake.

Si kwamba alikuwa amepanga. Aliuondoa tu, akarudi nyuma hatua, akaushika kwa mkono wa pili. Alitaka baba yake ageuke. Hicho ndicho alichokitaka, hakuna kingine: mzee ageuke mbele ya watu wote na amtafute kwa macho, ili watu waulize anamtafuta nani na kwa nini.

Mzee hakugeuka. Shingo yake ilikakamaa, na jasho likamtoka pembeni mwa uso. Fimbo ilikuwa inatetemeka kwenye mfupa wake na haikumwambia neno. Alingoja. Madereva nao walingoja. Kisha, akiwa bado amefumba macho, akasema kwa sauti ileile ya siku zote:

"Hapo. Funga."

Injini ilikuwa inagonga mpaka mabati ya banda yanaitikia. Wale waliokuwa pale walikuwa wamekulia juu ya injini. Dereva mmoja alimtazama mwenzake. Tajiri mmoja alifungua mdomo, akaufunga, akanywa soda. Binti alisubiri. Mmoja tu, alifikiri. Mmoja wao aseme.

"Ina ukali sasa," mtu mmoja alisema hatimaye.

"Hii itapanda," mwingine akaitikia.

"Sisi tunasikia kelele tu. Mzee anasikia ndani."

Wakapiga makofi. Masikio yao hayakuwa na kasoro yoyote, Mungu aliwapa mazima. Waliyaamini kidogo kuliko walivyoliamini jina la kiziwi. Bosi akapitisha waya, akaweka risasi, akapewa koleo na baba yake mbele ya watu wote, akabana. Sikio dogo likatokea, safi, halina hata mkwaruzo.

Mwendapole alifunga boneti akalitoa lori taratibu. Binti alichukua spana na koleo la kukatia waya stoo, akapita jikoni, akatokea mlango wa nyuma. Alikimbia. Mwanamke wa umri wake hakimbii barabarani ila kuna msiba, na waliomwona walisimama. Mwendapole alikuwa amepunguza mwendo konani, kwenye ukuta wa mawe, na alipomwona kwenye kioo akasimama.

"Zima," binti alisema. "Fungua boneti. Pampu imewahi mno."

Mwendapole alizima. Aliteremka, akafungua boneti, wakaiangalia pampu pamoja.

"Nimeisikia tangu uwanjani," alisema.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mzee amesema funga."

Binti alikuwa anahema. Neno lile alikuwa hajawahi kulitoa mdomoni, si kwa jirani, si kwa mwashi. "Baba hasikii," alisema. "Ni kiziwi miaka yote hii. Anayesikia ni mimi."

Alidhani kitu kitatokea. Mwendapole aliitikia kwa kichwa tu, taratibu kama alivyofanya mambo yake yote.

"Najua, binti."

"Unajua?"

"Mimi nakaa pale juu, kwenye kiti. Ninyi mnasimama mbele yangu. Kidole chako nakiona. Kikigonga mzee anasema, kikifinya mzee anafunga. Leo ulipoutoa mkono nikajua nimekwisha."

Binti Sikio alishika ubavu wa lori. Machozi yalimjia, naye hakuwa mtu wa machozi. Kumbe alikuwa ameonekana. Katika miaka yote ile kulikuwa na jozi moja ya macho iliyomwona, na kama asingekuwa mwanamke mzima barabarani angemkumbatia mzee yule wa watu. Akavuta kamasi, akachukua koleo, akaliingiza kwenye waya wa sili.

Mwendapole akaweka kiganja chake juu ya pampu.

"Usikate."

"Ni kazi ndogo. Nitairudisha sasa hivi, utasikia mwenyewe."

"Najua utairudisha. Najua itakuwa sawa kuliko ya fundi yeyote. Halafu sili utaibana na nini?"

Koleo lenye sikio lilikuwa mfukoni mwa ovaroli ya bluu.

"Nitakwenda na wewe kwa tajiri wako," binti alisema. "Nitamweleza mwenyewe."

"Utamweleza kwamba fundi ni wewe? Alikuwepo pale leo, ameona kwa macho yake nani amepewa koleo. Atakucheka, kisha atanigeukia mimi aniombe funguo. Kwa umri huu nani atanipa lori?"

"Pistoni zitatoboka. Si leo, lakini zitatoboka."

"Zikitoboka na sikio lipo, ni bahati mbaya," Mwendapole alisema. "Zikiwa nzima na sikio halipo, mimi ni mwizi."

Alisema bila ubaya. Akaliondoa koleo kwenye waya kwa vidole viwili, akalirudisha mkononi mwa binti, akafunga boneti. "Nitakwenda polepole," alisema. "Mlimani nitaipumzisha. Pole sana, binti. Nakuombea."

Akapanda, akawasha. Kokoto zikaanza tena. Binti alisimama pembeni mwa ukuta wa mwashi, akalisikiliza lori likikata kona, likishuka, likianza kupanda. Alilisikia mbali sana, mahali ambapo mtu mwingine asingesikia kitu. Angeweza kusema ni silinda ipi itakayokwenda kwanza. Mtu anayejua thamani yake kuliko wote duniani alikuwa amempa pole, akaenda na kazi ya mwingine kwa sababu ilikuwa na muhuri.

Alirudi kwa mlango wa mbele. Uwanja ulikuwa bado umejaa. Tajiri mmoja alikuwa ameleta lori lake la pili, palepale, apate bahati ya siku. Bosi alikuwa ameshika pampu. Baba yake alikuwa amesimama na fimbo mkononi, anaangalia huku na huku, na alipomwona binti akiingia uso wake ukalegea, kama mtu aliyepapasa mfukoni akakuta funguo zipo.

"Dada, ulikuwa wapi?" Bosi aliita. "Njoo umshike Baba asije akayumba. Anataka kulisikiliza hili."

Binti Sikio alikwenda mpaka mbele ya baba yake. Watu wakampisha. Alisimama karibu, uso kwa uso, ili asipoteze neno, na jibu la mdogo wake akalisema kwa mzee, polepole, midomo wazi.

"Mshike mwenyewe."

Mzee alilisoma. Mkono wake ulinyanyuka kidogo ukabaki hewani. Bosi alicheka, akamwachia kibarua pampu, akafuta mikono, akaja akasimama nyuma ya baba yake, akamwekea kiganja begani, kizito, kisichojua chochote.

Binti aliingia ndani akafunga mlango. Aliweka spana mezani, akawasha jiko, akakaa kwenye kigoda. Ukuta wa jikoni ni mwembamba. Alisikia injini ikiwaka, akasikia pampu ikisogezwa, ikapita mahali pake, ikaenda mbali nyuma, mafuta yakaanza kuchelewa. Uwanja ulikuwa umenyamaza kama kawaida yake.

"Hapo," baba yake alisema. "Funga."